Nani Alimpa Rambo Kiswahili?

Ukimwambia mtu wa Kigonsera akusimulie historia ya kwao, atakuanzia misheni. Wabenediktini walifika hapa mwaka 1899, mwaka mmoja baada ya kuanza Peramiho. Ikaja Majimaji ya 1905 mpaka 1907. Ikaja seminari, ambako Benjamin Mkapa alisoma akiwa kijana mdogo asiyejua kwamba atakuja kuwa Rais. Ikaja sekondari ya wavulana inayojulikana nchi nzima. Kahawa ataitaja, ngoro za Wamatengo atazitaja, na akiwa na muda atakupeleka mpaka Mbamba Bay kwenye dagaa wa Nyasa. Lakini mwulize banda la video lilianza lini, na nani alikuwa anatafsiri mle ndani, atakuangalia kama mtu aliyetukana ukweni.

Mimi naona hilo swali lina haki yake. Msomaji kijana wa Dar, Mwanza au Arusha, wewe unayeandika hadithi fupi na kuzificha chini ya godoro, nakuomba ukae hapa dakika chache. Wewe na mimi tulijifunza kusimulia kutoka kwa watu wale. Usikatae. Shuleni tulisoma vitabu vya mtihani, sawa, lakini ile namna ya kumshika msikilizaji shingo asitoke mpaka mwisho, tuliipata kibandani, kwenye benchi la ubao, mbele ya runinga ya inchi kumi na nne, huku bwana mmoja akiwasemea Wamarekani.

Kwa waliozaliwa juzi, nieleze kidogo. Kibanda umiza kilikuwa chumba cha udongo au mabati, madirisha yamezibwa kwa magunia, ndani kuna runinga, deki na jasho. Nje jenereta linaunguruma. Kiingilio kwa sisi watoto, mwaka 2001 nakumbuka, kilikuwa shilingi 50, na asiyekuwa nayo alipiga chabo kwenye tundu la ukuta mpaka afukuzwe kwa maji. Msimu wa kahawa, kuanzia mwezi wa sita hivi, pesa inaonekana Mbinga yote na kibanda kinajaa. Msimu ukiisha, mwenye kibanda anaonyesha mikanda ile ile, na watu wanaijua kwa moyo. Mle ndani kulikuwa na sheria ya nchi: steringi hafi. Akifa, ujue siye alikuwa steringi.

Na kulikuwa na Mjomba. Hakuwa mjomba wa mtu fulani, ila kila mtoto alimwita hivyo. Alikuwa amekaa Songea, na kabla ya hapo Dar, na Kiingereza alikuwa nacho cha kubangaiza. Alisimama kando ya runinga na fimbo ya mwanzi, kama mwalimu wa jiografia, akitupa maneno. Akisema, "Huyu ni adui, mwangalieni macho," basi tulimwangalia macho. Askari wakiingia msituni, hakusema Vietnam. Alisema, "Sasa wameingia Liparamba, na mvua ndiyo hiyo." Liparamba tunaijua, ni pori la hapa hapa kwetu la wanyama, kwa hiyo hofu ilikuja yenyewe, haikuhitaji muziki.

Sasa historia yenyewe. Kumsemea mtu wa kwenye picha hakukuanzia kibandani, na hakukuanzia Afrika.

Huko Japani, sinema zilipokuwa bado hazina sauti, kulikuwa na watu walioitwa benshi. Walikaa kando ya kitambaa, wakasimulia, wakalia sauti za wanawake na kunguruma sauti za wanaume. Watu walinunua tiketi kwa ajili ya benshi fulani kuliko kwa ajili ya sinema. Kaka yake Akira Kurosawa, yule mtengenezaji mkubwa wa filamu, alikuwa mmoja wao, akiitwa Heigo. Sinema za sauti zilipoingia, benshi wakakosa kazi, wakagoma, mgomo ukashindwa, na Heigo akajiua mwaka 1933. Nalitaja hilo kwa sababu watu wakisikia habari za watafsiri wa kibandani hucheka, wanadhani ni mchezo. Kwa wenyewe ni kazi, na kazi ikifa humwacha mtu pabaya.

Kwetu, jaribio la kwanza kubwa lilifanyika Vugiri, kwenye milima ya Usambara, kati ya 1935 na 1937. Waliliita Bantu Educational Kinema Experiment. Pesa ilitoka taasisi ya Carnegie ya Marekani, na mkuu wa kazi alikuwa Mwingereza mmoja, Meja Notcutt. Walipiga sinema za kufundisha watu kilimo, afya, namna ya kuweka akiba posta, mambo ya aina hiyo, na waigizaji walikuwa Waafrika. Picha ilikuwa kwenye filamu na maelezo yalikuwa kwenye santuri za gramafoni, yaani sauti mbali, picha mbali. Faida yake mnaiona: picha moja inaweza kupewa Kiswahili leo na lugha nyingine kesho, badilisha santuri tu. Wakapakia mitambo kwenye lori wakazunguka nayo Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Hasara yake mnaiona pia. Sindano ikiruka, mtu anapanda mahindi huku sauti inaeleza habari za mnyoo.

Baadaye serikali ya kikoloni ilitumia magari ya sinema yenye bwana mmoja mwenye maiki. Karatasi ya maelezo anapewa, imeandikwa ofisini. Lakini ofisi iko mbali, usiku umeingia, watu wanacheka, na lugha anayoongea mzungu haielewi vizuri. Unafikiri alisoma karatasi? Mimi nasema pale ndipo baba zao watafsiri wetu walipozaliwa, kwenye ile nafasi ndogo kati ya alichoandika bosi na alichosema mtu wa maiki.

Hapa niweke jambo ambalo litawaudhi walimu. Mwalimu Nyerere naye alikuwa wa kundi hili. Alipomtafsiri Shakespeare, ule mchezo wa mfanyabiashara wa Venice aliuita Mabepari wa Venisi, ukatoka mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Neno la Shakespeare ni mfanyabiashara. Neno la Mwalimu ni mabepari, tena wengi! Hilo ni tendo la mtu wa kibanda umiza kabisa, anayesimama kando ya picha na kuwaambia watu wake nani adui. Tofauti ni kwamba Mwalimu alichapishwa na Oxford na Mjomba hakuchapishwa na mtu.

Turudi kwenye mikanda. Video ya VHS ilitoka Japani mwaka 1976, kiwanda cha JVC. Zanzibar walikuwa na televisheni, tena ya rangi, tangu miaka ya 1973 na 1974. Sisi wa bara tulikaa bila kituo chochote cha televisheni mpaka 1994. Hebu fikiri, miaka ishirini! Kwa hiyo alipoingia Mzee Mwinyi mwaka 1985 na ruksa yake, na mabaharia na wafanyabiashara wakaanza kuleta deki, deki ile haikukuta mshindani. Mijini kulikuwa na majumba ya sinema, na Wahindi walikuwa wamewaleta kina Raj Kapoor zamani, lakini mtu wa wilayani jumba la sinema alilisikia tu. Kilichofika kwake ni runinga ya kwenye kibanda. Na kilichokuwa kwenye runinga ni Kiingereza, Kihindi na Kichina. Lazima apatikane mtu wa kusema.

Uganda walipatikana wakaitwa VJ, na VJ Jingo akawa jina kubwa kuliko majina ya wacheza filamu wenyewe. Kenya alikuja DJ Afro, na Kiswahili chake cha mtaani kinachokwenda mbio kama matatu isiyo na breki. Kwetu jina lililosimama juu ya mengine ni Lufufu, yaani Kapteni Derek Gaspar Mukandala. Yeye na wenziwe walitoka kwenye kusema ana kwa ana wakaingia kwenye kurekodi, na hapo ndipo mambo yalipobadilika.

Mtambo wake si wa ajabu. Deki ya kwanza inacheza mkanda wa asili. Sauti yake inapita kwenye mikisa, ambako kuna maiki pia. Mtafsiri akitaka kusema anashusha sauti ya sinema kwa kidole, anasema, anapandisha tena ili mlio wa risasi usikike. Vyote vinaingia deki ya pili inayorekodi. Hakuna kurudi nyuma kufuta. Ukikohoa, kikohozi kimeingia na kitaonyeshwa Kigoma. Sinema ya saa mbili ni saa mbili za kusema bila kuchoka, mwanamke wewe, mtoto wewe, adui wewe, na katikati unaweka maelezo yako, unatania, unamwonya steringi ambaye hasikii. Msomi wa Kijerumani, Matthias Krings, aliyeandika juu ya kazi hii, makala yake aliipa jina la kugeuza wali kuwa pilau. Sijaona maelezo mafupi yanayofaa kuliko hayo. Mchele ni wa mwenyewe, lakini viungo je?

Hao hawakuwa peke yao duniani. Miaka ile ile ya themanini, kule Urusi ya Kisovieti, watu kama Leonid Volodarsky walirekodi sauti moja juu ya mikanda ya Hollywood iliyoingizwa kwa siri, na kulikuwa na uvumi kwamba alibana pua kwa kibanio ili asitambulike. Na Marekani kwenyewe, walikotoka kina Rambo, mashabiki walikuwa wanakatakata wanachokipenda. Kandy Fong mwaka 1975 alipanga picha za slaidi za Star Trek juu ya wimbo, akawaonyesha mashabiki wenzake. Mwaka 1982 kijana aitwaye Jim Kaposztas aliunganisha deki mbili akachukua vipande vya katuni ya Kijapani akavitia kwenye wimbo wa Beatles. Deki mbili! Sawasawa na Lufufu. Mmoja alibadilisha picha akaacha sauti, mwingine alibadilisha sauti akaacha picha, na wote wawili hawakuomba ruhusa. Wale wa Marekani leo wana orodha ndefu zinazosema nani alitengeneza nini na mwaka gani. Sisi orodha iko wapi?

Lakini kabla ya orodha, nizungumzie Titanic, maana bila hiyo mtu wa mjini anaweza kudhani watafsiri walikuwa wachekeshaji tu.

Filamu ile ilitoka mwishoni mwa 1997. Lufufu aliitafsiri, na kazi hiyo imeandikwa na wasomi. Sisi tuliiona kwanza kwa Mjomba, bila maiki, kwenye mikanda miwili kwa sababu ni ndefu mno, zaidi ya saa tatu. Mwaka uliotangulia filamu hiyo, tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilizama Ziwa Victoria karibu na Mwanza, na zaidi ya watu 800 walikufa. Kila mtu mle kibandani alikuwa ameisikia redioni. Wazee wa ufukweni, wanaokuja Kigonsera kuuza samaki, walikuwa na yao pia, meli ya Vipya iliyozama Ziwa Nyasa mwaka 1946, upande wa Nyasaland. Mjomba aliyajua hayo. Nusu ya kwanza alitania kama kawaida, akasema Jack ni mtoto wa kapuku kutoka Lituhi aliyepata tiketi kwa karata, na yule mchumba tajiri ni mnunuzi wa kahawa anayepunja mizani. Watu walikufa kwa kicheko, kwa sababu mnunuzi wa namna hiyo tulikuwa naye mlemle, amekaa benchi la mbele.

Halafu meli ikagonga barafu. Mjomba akanyamaza. Alikaa kimya muda mrefu, picha zinapita, Kiingereza kitupu, hakuna aliyemwambia asema. Kisha akaanza kutaja, polepole, mahali meli ya MV Songea ilipokuwa ikisimama: Itungi, Lupingu, Manda, Liuli, Mbamba Bay. Basi. Hakutafsiri neno lolote lililosemwa pale. Kina mama waliokaa nyuma walilia kwa sauti, ile ya msibani, na mwenye kibanda alitaka kuzima jenereta. Mimi nilikuwa mdogo, nilichokasirikia ni kwamba steringi amekufa, kinyume cha sheria. Lakini nimesoma riwaya nyingi tangu siku hiyo na bado namsaka mwandishi anayejua kunyamaza namna ile.

Na haikurekodiwa. Ndiyo maana naandika.

Baada ya mikanda zikaja VCD. Sahani moja inabeba dakika 74 hivi, kwa hiyo filamu moja ikawa sahani mbili, na mtafsiri mjanja alijifunza kuacha watu hewani sahani ya kwanza ikielekea mwisho. Zikaja DVD zenye filamu nyingi za mwonekano wa ovyo, kisha flashi, kisha simu. Uganda walifika mbali zaidi. Kule Wakaliga, Kampala, Isaac Nabwana alitengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka 2010, na VJ Emmie akaweka sauti yake juu, na leo watu wa Ulaya wanaitazama na sauti ile ikiwa sehemu ya filamu. Dar es Salaam nako vijana wa Ajabu Ajabu wamefanya jambo la heshima, wametengeneza filamu fupi, Apostles of Cinema, kuhusu watu wa vibandani na mtafsiri anayeitia sauti Maangamizi, filamu yetu wenyewe ya 2001. Siku hizi kijana wa Mbinga mwenye simu na bando anaweka sauti juu ya kipande cha dakika moja, anakirusha, kinatazamwa na watu wengi kuliko kibanda kilichoingiza kwa mwaka mzima. Umeme wa gridi umefika Songea mwaka 2018, lami ya kutoka Peramiho mpaka Mbinga ilitangulia. Jenereta halihitajiki. Kibanda cha Kigonsera ninachokisema kiligeuka duka la pembejeo.

Katika hayo yote sheria nayo haikulala. Tanzania iliingia Mkataba wa Berne mwaka 1994, mwaka ule ule wa televisheni, na Sheria ya Hakimiliki ikatungwa 1999. Kwa maandishi ya sheria, kutafsiri kazi ya mtu ni haki ya mwenye kazi. Kwa hiyo Lufufu, Mjomba, na yule mtoto wa simu wote wako upande mbaya. Sitawatetea kwa hoja ya kwamba Hollywood ni tajiri. Mwandishi yeyote anayetaka kuishi kwa kalamu asichezee hoja hiyo, itamrudia. Ninachosema ni kingine. Sheria inaangalia mchele ni wa nani. Pilau nayo ilipikwa na mtu, mtu huyo naye aliibiwa, maana mkanda aliorekodi Dar ulidurufiwa Songea, Songea ukadurufiwa Mbinga, na hakuona senti. Amepunjwa mara mbili: hawezi kushitaki kwa sababu kazi yake haina leseni, na hawezi kukumbukwa kwa sababu jina lake halikuandikwa kwenye kasha.

Sasa orodha. Tuko vijana kama saba, baadhi tumesoma Kigonsera na wengine wa Mbinga mjini, tumetawanyika, na kwa miaka michache tumekuwa tukikusanya mikanda na sahani za kutafsiriwa zilizopita Ruvuma. Tulianza na daftari la kaunta buku. Lilikuwa na safu mbili tu, jina la filamu na aliyetafsiri, na ndani ya mwezi mmoja lilikuwa halifai kitu. Jina la filamu lipi? Kwenye kasha imeandikwa Commando, kijijini iliitwa Anodi Mbeba Gogo. Mtafiti wa kesho akija kumuuliza bibi wa Litembo habari za Commando, bibi atasema haijui, na Mbeba Gogo ameiona mara sita. Tukaongeza safu ya jina la mtaani. Tukaongeza ya mahali mkanda ulipopatikana, ya lugha ya asili, na ya kile ambacho mtafsiri amekiongeza ambacho kwenye sinema hakimo. Hiyo ya mwisho ndiyo hazina. Humo utakuta bei ya sukari, kifo cha kiongozi, kejeli kwa mchezaji wa Majimaji ya Songea aliyekosa penalti. Mtu anayesema huku deki inarekodi, anarekodi na siku yake.

Ugomvi mkubwa ulikuja tulipoanza kuhamishia kwenye kompyuta. Milima ya Umatengo ni baridi na unyevu, mkanda ukikaa darini unaota ukungu mweupe kama chumvi, na ukiuingiza kwenye deki hivyo unaua mkanda na unaua deki. Deki zenyewe hazitengenezwi; kampuni ya mwisho, Funai ya Japani, iliacha mwaka 2016. Kwa hiyo kila mkanda una nafasi moja au mbili. Mwenzetu mmoja, fundi mzuri kuliko sisi sote, akasema: picha hizi ni mbovu, ni durufu ya durufu, tuchukue sauti ya mtafsiri peke yake, tuisafishe, tuiweke juu ya picha mpya inayong'aa, vijana watazame. Alitufanyia kipande cha dakika tano. Jamani, kilipendeza! Sauti ya miaka ya tisini imetulia juu ya picha ya leo, mlio wa chini hausikiki, na ule mlango uliofunguliwa nyuma ya mtafsiri, pamoja na sauti ya mwanamke akiuliza kama amekula, umefutwa.

Pale kwenye mlango ndipo tulipogombana. Dada mmoja, mwalimu wa sekondari, akamwambia, "Kaka, huyo mwanamke ulimfuta kwa idhini ya nani?"

"Ni kelele, dada."

"Kelele ni ya kwako. Mimi ndiye ninayemtaka kuliko Rambo."

Jamaa akanuna wiki nzima. Nilimwelewa, kwa sababu hoja yake ina miguu: kitu kisichotazamika hakitatazamwa, na kitu kisichotazamwa ni sawa na kilichooza darini. Lakini nilisimama na mwalimu, na bado nimesimama hapo. Watafsiri hawakufanya kazi studio. Walifanya chumbani, mke anapika, mtoto analia, umeme unakatika na sinema inaruka dakika nzima, na mtafsiri anaijaza dakika ile kwa akili yake. Ukiisafisha unapata mtu anayesema Kiswahili juu ya Kiingereza, na watu wa namna hiyo wako tele. Ukiiacha unapata nyumba ya Mtanzania mwaka fulani, saa fulani ya usiku.

Tulikubaliana kama wanavyokubaliana ndugu wenye shamba moja. Kila mkanda unahamishwa mzima mzima kwanza, na mikwaruzo yake, na hiyo nakala haguswi na mtu. Anayetaka kung'arisha, ang'arishe nakala ya pili, aandike jina lake pia kwenye orodha, na aseme alichofuta. Kwa hiyo orodha yetu ina safu mpya, ya aliyesafisha, na jamaa yetu ndiye wa kwanza kuandikwa humo. Tumekubaliana vilevile kwamba hatuuzi na haturushi filamu nzima hewani, kwa ajili ya ile sheria niliyoitaja. Tunachoonyesha ni orodha yenyewe, na vipande vifupi vya sauti.

Kwa wewe mwandishi unayeanza, orodha ile ina kazi ningekupa bure. Chukua kipande kimoja cha kutafsiriwa, andika kwenye karatasi kila neno la mtafsiri, kisha pembeni andika kilichosemwa kwa Kiingereza. Utaona alipofupisha, alipodanganya, alipochoka. Nilifanya hivyo kwa dakika kumi za filamu moja ya Van Damme na zilinichukua usiku mbili. Steringi kwenye Kiingereza alisema maneno machache mno kwa dakika zile kumi. Kwa Kiswahili alikuwa na mama mgonjwa, deni la ada, na kaka aliyepotelea mgodini, na vyote vilikaa sawa na midomo yake.

Mjomba bado yupo, amezeeka, analima maharage. Nilikwenda kumwona mwaka jana na kinasa sauti.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Umekuja na mkanda gani?"

Nikamwambia nataka aniambie majina ya filamu zote alizozisema, nimwandike. Akacheka, akasema zilikuwa mamia, nani akumbuke. Tukakaa. Alitaja 41 siku ya kwanza, kwa majina ya mtaani, na binti yake akakumbuka nyingine tisa. Ziko kwenye orodha zote hamsini, na kwenye safu ya mahali mkanda unapopatikana tumeandika: hakuna mkanda, alisema kwa mdomo, Kigonsera. Alipofika Titanic nilimwuliza kwa nini alinyamaza na kutaja zile bandari. Alifikiri kidogo, akaniambia yeye hakumbuki kunyamaza. Anachokumbuka ni kwamba siku ile kulikuwa na mtu wa Liuli ndani, aliyefiwa na mdogo wake kule Mwanza, na yeye Mjomba hakutaka kumwangalia usoni.

Hilo nalo nimeliandika, kwenye safu ya kile kilichoongezwa. Mwezi ujao mmoja wetu anashuka Mbamba Bay, kuna mama mwenye sanduku la mikanda ya marehemu mumewe, na tumeambiwa nyingine zimeandikwa kwa mkono, jina na tarehe. Kama una mikanda kwenu, usiichezeshe kwanza kuona kama inafanya kazi. Iweke mahali pakavu, isimame wima, na andika pembeni nani anasema humo.